Kalasinga wa Mumbai na Muuza Samaki wa Obunga: Kicheko cha Kiswahili ni cha Nani?

Wahenga walinena kwamba biashara haigombi. Hawakunena kwamba biashara haichekeshi. Yeyote aliyewahi kupita katika soko la Kibuye mjini Kisumu siku ya Jumapili, wakati nguo, viti, kuku na kelele vinapogombea nafasi, anajua kwamba muuzaji asiye na mzaha hurudi nyumbani na bidhaa zake. Mchuuzi humsifu mteja, humtania, hujifanya amekasirika, kisha hupunguza bei kama jemadari aliyeshindwa vitani. Hiyo ni drama kamili, yenye wahusika, mgogoro na kilele. La kusikitisha ni kwamba drama hiyo haijapata makao stahiki katika fasihi andishi ya Kiswahili. Makala haya yanadai kuwa sababu si uhaba wa vipaji, bali ni mazoea ya waandishi na waigizaji kumtazama mfanyabiashara mdogo kwa jicho la kumshuku au la kumdharau.

Ili kulidhihirisha dai hili, yafaa kuanzia mbali kidogo. Mnamo Desemba 2009 ilitolewa filamu ya Kihindi iitwayo Rocket Singh: Salesman of the Year, iliyoongozwa na Shimit Amin, mzaliwa wa Kampala. Mhusika mkuu, Harpreet Singh Bedi, anayeigizwa na Ranbir Kapoor, ni kijana wa Mumbai aliyehitimu shahada ya biashara kwa alama duni. Anaajiriwa kuuza kompyuta. Siku moja mteja anamwomba hongo, naye Harpreet anaandika malalamiko na kuyatumbukiza katika sanduku la maoni la kampuni ya mteja huyo huyo. Kwa “kosa” hilo la uaminifu anadhalilishwa kazini, hata wenzake wanamrushia roketi za karatasi. Hatimaye anaanzisha kampuni yake kwa siri, ndani ya ofisi ya mwajiri wake, akitumia simu za mwajiri huyo. Wabia wake ni mpokea wageni, fundi wa kompyuta, mpika chai na, baadaye, msimamizi wa mauzo. Jina la kampuni hiyo linazikumbusha zile roketi alizorushiwa.

Harpreet ni Kalasinga, na hapa ndipo ukanda wa ziwa unapoingia. Inasimuliwa kwamba neno hilo lilitokana na jina la mfanyabiashara mmoja, Kala Singh, ambalo Waswahili waliligeuza likawa jina la jamii nzima ya Masingasinga wa Afrika Mashariki. Kwa maneno mengine, Kiswahili kiliijua jamii hii kwa kupitia kaunta ya duka. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, mafundi na wachuuzi kutoka Bara Hindi walifika nayo, na maduka yao yakaupa mji sura yake ya kibiashara. Tangu hapo, Mhindi na Mjaluo wamekutana kila siku pande mbili za kaunta, mmoja akitaja bei na mwingine akiipinga. Lugha iliyowaunganisha, kwa sarufi nzuri au mbovu, ilikuwa mara nyingi Kiswahili.

Kwa hiyo mtazamaji wa Kisumu anapomtazama Harpreet, jambo la ajabu hutokea. Anamwona Kalasinga asiye na duka wala mtaji, anayefukuzwa milangoni kama mchuuzi wa Kondele anavyofukuzwa na askari wa jiji. Kaunta inaondoka. Anayecheka anacheka pamoja na mnyonge, na kicheko chenyewe kinaelekezwa juu, kwa mkurugenzi anayedhani wateja ni tarakimu. Hilo ndilo jukumu kongwe la komedia: kuwavua wakubwa mavazi yao bila kumwaga damu.

Je, komedia ya Kiswahili nchini Kenya imefanya nini kwa mtu wa ziwa? Jibu la haraka lina jina moja: Mzee Ojwang’. Kwa miaka mingi Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, aliwachekesha Wakenya katika Vitimbi kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo. Wanjau mwenyewe hakuwa Mjaluo. Lafudhi ile ilikuwa barakoa ya kisanaa, naye aliivaa kwa umahiri uliompa mapenzi ya taifa zima, Kisumu ikiwemo. Hakuna haja ya kumvunjia heshima marehemu. Hata hivyo, athari ya mtindo huo yafaa kuchunguzwa. Dholuo haina sauti ya “sh” wala “z”, kwa hiyo mzungumzaji wake hupata taabu na “shamba” au “zawadi”. Baada ya Ojwang’ walizuka waigaji wengi wasio na kipawa chake, ambao kwao taabu hiyo ndiyo kichekesho chote. Hadhira inacheka kabla mhusika hajasema la maana, na akisema la maana halisikiki.

Fasihi andishi nayo ina kosa lake. Mwaka 1969 Mwalimu Julius Nyerere alichapisha tafsiri ya komedia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venisi, akaipa jina Mabepari wa Venisi. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu Azimio la Arusha, na neno “bepari” lilikuwa tayari na hukumu yake. Wapo watakaosema, na wana haki, kwamba wakati ule hukumu hiyo ilihitajika. Lakini urithi wake umedumu kupita wakati wake. Katika tamthilia na riwaya nyingi zilizofuata, mwenye biashara ni mnyonyaji mwenye kitambi. Asiyekuwa na kitambi ni kichekesho tu. Kati ya bepari na mchekwa, mama anayeuza samaki hana mahali pa kukaa.

Mama huyo yupo, na lugha yake i hai kuliko inavyodhaniwa. Mbuta waliingizwa katika ziwa katika miaka ya 1950, na baadaye viwanda vikaanza kukata minofu yao na kuisafirisha ng’ambo. Kilichobaki kwa mwenyeji ni kichwa, mifupa na vijinyama vilivyong’ang’ania uti. Wanawake wa mtaa wa Obunga hununua mabaki hayo, wakayakaanga na kuyauza, nayo yanaitwa “mgongo wazi”. Tazama jina hilo! Maneno mawili ya Kiswahili sanifu kabisa, yasiyo na doa la lafudhi, yanaeleza uchumi mzima: mnofu umepanda ndege, mgongo umeachwa uchi. Ni kejeli, ni tashihisi, na ni tangazo la biashara kwa wakati mmoja. Mshairi angejivunia kuyatunga. Watu wanaoweza kuucheka umaskini wao kwa ustadi huo hawahitaji kuchekwa matamshi.

Inaweza kupingwa kwamba filamu ya Kihindi ni ndoto tamu: Harpreet hunyang’anywa kampuni yake, kisha mwisho hurejeshewa, ilhali wachuuzi wengi wa Kisumu wanaonyang’anywa bidhaa hawarejeshewi chochote. Pingamizi hili lina uzito. Aidha, ni kweli kwamba Harpreet anatumia simu za mwajiri wake bila idhini, na komedia inataka mtazamaji asiulize sana. Lakini ubora wa filamu hii hautokani na mwisho wake. Unatokana na msimamo wake kwamba mpika chai anaweza kuwa mbia, na kwamba jitihada za mtu mdogo ni kisa kinachostahili saa mbili na zaidi za macho ya umma.

Visa vya aina hiyo havikosekani ufuoni mwa ziwa. Mwaka 1947 Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa mwalimu Maseno, aliingia katika biashara na kuanzisha shirika la Luo Thrift and Trading Corporation, ili Waafrika wajenge uchumi wao wenyewe. Alilazimika kuwashawishi watu waliouamini ng’ombe kuliko hisa. Mwandishi gani wa tamthilia hawezi kuona komedia katika mkutano wa kwanza wa wanahisa, mzee mmoja akiuliza hisa yake italala zizi gani?

Suala hili si la burudani pekee. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, pamoja na kuwa lugha ya taifa. Maana yake ni kwamba mama wa Obunga ana haki ya kudai leseni, kulalamika na kujitetea kwa Kiswahili katika ofisi ya kaunti. Lakini mtu aliyezoea kusikia matamshi yake yakichekwa runingani hufunga mdomo mbele ya karani. Hapo sanaa inakuwa imemnyang’anya haki aliyopewa na sheria.

Basi wanachama wa vyama vya Kiswahili vyuoni wana kazi mbele yao. Majukwaa yapo: tamasha za drama, redio, na majarida kama hili. Kinachodaiwa ni mhusika mmoja tu kwa kuanzia: mwanamke wa Obunga, mwenye karai la mafuta moto, anayezungumza Kiswahili cha ziwa bila aibu, na anayemshinda ujanja mkusanya ushuru kwa hoja. Hadhira na icheke. Ila safari hii, yeye ndiye awe wa kwanza kucheka.