"Ajali Haina Kinga": Methali Isiyofaa Relini

Methali "ajali haina kinga" ina mahali pake. Humliwaza aliyefikwa na msiba ambao hakuna binadamu angeweza kuuzuia. Kwenye reli, hata hivyo, imegeuzwa kichaka cha kujifichia. Mfanyakazi akibanwa baina ya mabehewa mawili, aghalabu husemwa ama ni kudura, ama ni uzembe wake. Sikubaliani na kauli zote mbili.

Tutazame tulikotoka. Reli ya Mombasa hadi Kisumu ilijengwa kati ya mwaka 1896 na 1901. Vibarua 31,983 waliletwa kutoka Bara Hindi. 2,493 kati yao walifariki na wengine 6,454 wakadhoofika wasiweze kuendelea na kazi. Lakini muulize Mkenya kuhusu maafa ya reli hiyo, naye atakusimulia simba wa Tsavo! Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria kwamba simba hao wawili walikula watu wapatao 35. Waliobaki, wengi mno, waliangamizwa na maradhi na mazingira ya kazi yenyewe, nao hawakupata msimulizi.

Marekani, hadi mwishoni mwa karne ya 19, mfungaji wa mabehewa aliingia katikati yake na kuelekeza pini kwa mkono huku behewa jingine likimjia. Wengi walipoteza vidole, wengine roho. Lawama waliangushiwa wao. Mnamo mwaka 1893 ikapitishwa sheria iliyolazimisha viunganishi vinavyojifunga vyenyewe pamoja na breki za hewa, na majeraha ya kazi hiyo yakapungua sana. Je, wafanyakazi waliacha uzembe ghafla? La hasha! Kilichobadilika ni chuma.

Hali kadhalika, vihatarishi vya leo vina majina. Kuna zamu za usiku zinazofuatana, hata dereva akasinzia macho wazi; uchovu haushindwi kwa bidii wala kwa kukemewa. Kuna kelele za mitambo zinazomzuia fundi anayebadilisha mataruma kusikia treni inayokuja nyuma yake. Kuna kibarua mgeni anayepelekwa njiani kabla hajafunzwa, na ambaye, kwa kuhofia kibarua chake, hathubutu kuuliza.

Hapo ndipo sisi wanakiswahili tunapohusika. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi taarifa, maelekezo na mafunzo. Katiba ya mwaka 2010 nayo imekifanya Kiswahili lugha rasmi. Maadamu ni hivyo, maelekezo ambayo mshika sululu hayaelewi hayawezi kuhesabiwa kuwa yametolewa, hata yakibandikwa kwenye kila ukuta wa stesheni.

Tumeandika tasnifu nyingi kuhusu istilahi za isimu, na si vibaya. Reli nayo inangoja. Mtu anayesimama kando ya njia kuwatahadharisha wenzake treni inapokaribia tumwiteje kwa neno moja, litakaloeleweka Voi na Nakuru vilevile? Kipindi ambacho sehemu ya njia hufungwa ili mafundi wafanye kazi kitaitwaje? Napendekeza chama chetu kianze na maneno hayo mawili, tena kiwaulize kwanza mafundi wenyewe. Huenda wanayo tayari.