Maktaba ya Tiba Si ya Madaktari Pekee

Shule za sekondari zina desturi ya kuwapeleka wanafunzi wa biolojia hospitalini kutazama hadubini na vielelezo vilivyohifadhiwa katika chupa. Ni nadra mno wanafunzi hao kuingizwa katika maktaba ya chuo cha tiba, ingawa aghalabu huwa hatua chache tu kutoka hapo. Kosa hili si dogo. Mwanafunzi hurudi akidhani kuwa elimu ya maradhi hupatikana kwa macho na vyombo peke yake.

Mfano mzuri uko Kampala. Maktaba ya tiba ya Chuo Kikuu cha Makerere, iliyopo Mulago, ina jina la Sir Albert Cook, daktari mmisionari aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897. Cook alikuwa na ada ya kuandika habari za wagonjwa wake, na majalada ya maandishi hayo yakahifadhiwa. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, alichapisha habari za saratani inayoshika mataya ya watoto. Swali likazuka: je, maradhi haya yalikuwa mapya, au yalikuwapo zamani bila ya kutambuliwa? Hadubini peke yake haikuweza kulijibu. Katika majalada ya Mengo, mtoto mwenye uvimbe wa namna hiyo alikuwa amekwisha elezwa miaka mingi kabla ya Burkitt kufika Uganda. Mwaka 1964 J.N.P. Davies na wenzake wakachapisha, katika British Medical Journal, uchambuzi wa saratani zilizoandikwa humo tangu 1897 hadi 1956.

Yafaa hayo yakumbukwe kila ipendekezwapo kwamba karatasi kuukuu zitupwe kwa kuwa kila kitu kimo katika kompyuta. Si kila kitu. PubMed, faharasa ya makala za tiba iliyofunguliwa kwa wote bila malipo mwaka 1997, humwonesha msomaji muhtasari. Makala yenyewe mara nyingi huuzwa. Mpango wa Hinari, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji mwaka 2002, hupitia taasisi zilizosajiliwa, wala si mtu mmoja mmoja. Basi hata leo anayetaka kusoma hana budi kupita mlangoni.

Mwalimu atangulize barua kwa mkutubi, na kila mwanafunzi aje na swali lake moja lililoandikwa. “Malaria” si swali. “Kwa nini mtoto aliyerithi chembe ya selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali?” ni swali, na mkutubi hodari (ambaye ni mwalimu pia, ijapokuwa wachache humwita hivyo) atajua pa kuanzia. Maktaba nyingi za tiba hufuata mpangilio wa Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ambamo vitabu vya malaria hukaa chini ya WC 750.

Vyuo navyo visiwarudishe getini watoto wenye sare. Alasiri moja katika kila muhula, hasa wanachuo wakiwa likizoni na viti vitupu, si gharama kubwa.