Mfuko wa Mwanafunzi: Tanuri au Unga?

Ndugu wanaklabu, baada ya mkutano uliopita mwenzetu mmoja wa uhandisi alinivuta pembeni. Amefanya kazi kiangazi kizima, ameweka akiba, na sasa anataka kununua hisa za kampuni inayounda mashine za kuchapa vipuri vya metali. "Hii ndiyo teknolojia ya kesho," akaniambia. Nikamjibu: sawa, lakini ada ni ya Januari.

Teknolojia yenyewe sina ugomvi nayo. Leza huyeyusha unga wa metali, tabaka juu ya tabaka, hadi kipuri kikamilike. General Electric huchapa hivyo pua za kunyunyizia mafuta katika injini za ndege za LEAP. Pua iliyokuwa ikiungwa kwa vipande 20 hivi sasa ni kipande kimoja.

Ila teknolojia nzuri si lazima iwe hisa nzuri. Desktop Metal ya Marekani iliingia soko la hisa la New York Desemba 2020, ikikadiriwa kuwa na thamani ya hadi dola bilioni 2.5. Aprili 2025 ilinunuliwa kwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo, na Julai ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai.

Mwoka mikate hununua tanuri mara moja, lakini unga hununua kila wiki. Basi tukimbilie unga? Taratibu. Unga huu hausagwi: metali iliyoyeyuka hupigwa kwa gesi ya argoni, matone yakaganda kuwa chembe za mviringo. Wengi wanaoutengeneza wamo ndani ya makampuni makubwa. Sandvik ya Sweden hutengeneza wake Neath, hapa Wales, lakini ukinunua hisa zake umenunua zaidi mitambo ya migodini. Tena unga usioyeyuka huchekechwa ukatumika upya. Na pua zile ni za kobalti na kromi. Kobalti nyingi ya dunia hutoka Kongo, na Februari 2025 serikali ya huko ilisimamisha kuiuza nje.

Kwa hiyo kabla ya kununua, uliza: nani atarudi kununua tena? Kampuni ina fedha za kuishi miezi mingapi? Malighafi yake iko mikononi mwa nani?

Mwenzetu amelipa ada kwanza. Kilichobaki, kama ni cha kupotea bila kumkosesha chakula, hicho ndicho cha hisa.