Nundu si Mzigo

Kuna usemi uliozoeleka maofisini kwamba mfugaji halipi kodi. Mimi ni mfugaji, na usemi huo naukataa. Mfugaji hulipa sana, ila halipi kwa kukatwa mshahara. Hulipa kupitia ng'ombe wake.

Tumfuate fahali mmoja tu. Akifikishwa mnadani, kuna ushuru. Akitolewa wilaya moja kwenda nyingine, anahitaji kibali, kwa mujibu wa Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, na kibali kina ada. Machinjioni kuna malipo mengine. Mchuuzi anapopiga hesabu, gharama zote hizo huziondoa kwanza, na kinachobaki ndicho anachonipa mimi. Hivyo hata ada ambayo sikuitoa kwa mkono wangu, nimeilipa.

Sigombani na sheria yenyewe. Homa ya mapafu haijui mpaka wa wilaya, na kibali kikitumika kuizuia, wa kwanza kunufaika ni mimi. Ninalouliza ni hili: fedha itokayo kwa ng'ombe inarudi wapi? Majosho mengi yaliyojengwa miaka ya 1970 yalikufa Serikali ilipojiondoa katika huduma hiyo. Kupe hawakujiondoa, na ndigana inaendelea kuua ndama. Josho la kata yetu limepasuka na limeota nyasi, lakini mtoza ushuru wa mnada hajakosa kuja hata siku moja.

Ndugu msomaji, tazama suala la hereni. Sheria ya utambuzi wa mifugo ilitungwa mwaka 2010. Hereni za kielektroniki zilipoletwa mwanzoni, mfugaji alitakiwa alipe shilingi 1,750 kwa kila ng'ombe. Mwenye ng'ombe 100 alidaiwa shilingi 175,000 kabla hajauza hata mmoja. Waliolalamika waliitwa wakaidi wasiotaka maendeleo. Mwaka 2025, kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi ilipozinduliwa, hereni zilitolewa bure na chanjo ikawekewa ruzuku. Kumbe wale wakaidi walikuwa na hoja!

Wahenga walisema ng'ombe haelemewi na nunduye. Ni kweli, kwa kuwa nundu ni yake na humfaa wakati wa kiangazi. Ushuru nao ungekuwa nundu kama ungerudi kwetu kwa sura ya josho, lambo na dawa. Usiporudi, ni mzigo wa mtu mwingine aliobebeshwa.

Ninachodai si msamaha. Kila mnada ubandike ukutani, mahali pa kusomeka, kiasi kilichokusanywa mwaka mzima na kiasi kilichorudishwa katika mifugo. Halmashauri inayoweza kuhesabu ng'ombe wangu mmoja mmoja haiwezi kushindwa kuhesabu shilingi zake mbele yangu. Josho likijaa maji na dawa, ushuru nitaulipa bila kuitwa.