Ukuta Ulio Nyuma ya Mchambuzi

Mtazamaji wa soka hudhani kwamba anachokitazama ni mchezo peke yake. Sivyo. Kabla ya filimbi ya kwanza, wakati wa mapumziko na baada ya mchezo kumalizika, hutazama pia chumba: meza, viti, taa na ukuta ulio nyuma ya wachambuzi. Chumba hicho hakikuota kama uyoga. Yupo aliyekibuni, yupo aliyekigharimia, na lipo jambo ambacho chumba chenyewe hulisema hata pale wachambuzi wanaponyamaza. Kwa kuwa Tanzania, Kenya na Uganda zimekabidhiwa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, ni haki tuulize mapema: chumba hicho kitasema nini juu yetu?

Mashirika makubwa ya utangazaji yamelifahamu jambo hili kwa muda mrefu. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2010, BBC iliweka studio yake Cape Town, Mlima wa Meza ukionekana nyuma ya wachambuzi. Mwaka 2018 ikajenga nyingine Moscow, kando ya Red Square. Katika Olimpiki za mwaka 2024, NBC ya Marekani ilitangaza kutoka Trocadéro, mkabala na Mnara wa Eiffel. Katika Olimpiki za Tokyo zilizofanyika mwaka 2021, watangazaji wa BBC walibaki Salford, Uingereza, huku kompyuta ikiwachorea mandhari ya Kijapani. Dirisha liwe la kweli au la kubuni, kazi yake ni ileile: kumwambia mtazamaji mahali hapa panafananaje. Anayelichagua dirisha ndiye anayechagua sura ya nchi.

Sisi je? Studio zetu nyingi za michezo zina taa za buluu, meza inayong'aa na skrini kubwa, nazo zingeweza kuwa katika jiji lolote duniani. Zinapotaka kujitambulisha kuwa za Kitanzania, hukimbilia Kilimanjaro, simba na shuka la Kimasai. Sina ugomvi na mlima wala na Wamasai. Ugomvi wangu ni na uvivu wa kuigeuza nchi yenye mikoa zaidi ya 30 kuwa postikadi moja ya watalii.

Tumfikirie kijana wa Kalinzi, katika milima ya Kigoma, ambako kahawa hupandwa kwenye miteremko na barabara huelekea Manyovu, mpakani mwa Burundi. Kutoka Kigoma mjini hadi Dar es Salaam reli ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,200. Sitarajii mechi hata moja ya 2027 ichezwe mkoani humo, japo Mashujaa wamekuwa wakicheza Ligi Kuu katika Uwanja wa Lake Tanganyika tangu msimu wa 2023/24. Kijana huyo atatazama mashindano katika kibanda umiza, kwa kiingilio chake mwenyewe, ilhali kodi yake imechangia uenyeji. Baba yake alisikiliza mpira kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam, akaujenga uwanja kichwani kwa maneno ya mtangazaji. Mwana hana uhuru huo. Picha huja ikiwa imekwisha kupambwa na wengine. Kama kwa mwezi mzima haoni chochote kinachofanana na kwao, atajifunza bila kufundishwa kwamba uzuri na ujuzi hukaa mbali naye.

Nitajibiwa kwamba watu hufuata uchambuzi, si samani. Ingekuwa hivyo, mashirika niliyoyataja yasingepoteza fedha kutafuta dirisha. Nitajibiwa pia kwamba ufundi wetu haufai mbele ya kamera. Hoja hii ina ukweli ndani yake, na ndiyo inayodai kazi. Mkeka au kikapu chenye mistari myembamba iliyosongamana huweza kutetemeka kwenye skrini hata macho ya mtazamaji yakachoka. Picha za Tingatinga huchorwa kwa rangi ya kung'aa, nayo hurudisha mwanga wa taa kwenye lenzi. Lakini hayo yana dawa: mistari ipanuliwe, rangi ifubazwe, taa ihamishwe, kisha kila kitu kijaribiwe mbele ya kamera. Kinachohitajika ni msusi, seremala, mbunifu na mpiga picha kuketi meza moja miezi kadhaa kabla, si wiki moja kabla ya ufunguzi.

Wenzetu wa Afrika Kusini walithubutu katika jambo kubwa kuliko studio. Uwanja wa Soccer City, Johannesburg, ulivikwa umbo la kibuyu, na fainali ya mwaka 2010 ikachezwa ndani yake. Hakuna aliyeona kwamba kibuyu kimeishusha hadhi fainali hiyo.

Kwa hiyo napendekeza kwamba zabuni yoyote ya studio ya mashindano hayo itakayolipiwa kwa fedha za umma iweke sharti la wabunifu na mafundi wa hapa nchini. Vyuo vya ufundi stadi, taasisi ya sanaa ya Bagamoyo na idara za sanaa za vyuo vikuu vyetu zipewe nafasi ya kushindana kwa michoro. Mafundi waitwe kutoka mikoani: wanaounda maboti ya mbao Ujiji wanajua kuupinda ubao kuliko kiwanda chochote cha meza za studio. Na zile skrini kubwa, ambazo bila shaka tutaziagiza nje, zibebe picha tulizozipiga wenyewe: Ziwa Tanganyika asubuhi wavuvi wa dagaa wanaporejea, na milima ya Kalinzi wakati wa mavuno ya kahawa.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni watakuja, watacheza na wataondoka na kombe au bila kombe. Kama seti nzima italetwa ndani ya makontena na kurudi ndani ya makontena, mwenyeji atakuwa amepona nini?