Kitabu cha Mormoni Mbele ya Akiolojia

Vijana wanaotembea wawili wawili, shati jeupe na kibao cha jina kifuani, wamekwisha kuzoeleka katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Kitabu cha Mormoni wanachokigawa kinapatikana kwa Kiswahili, na tangu mwaka 2019 wana hekalu lao Kinshasa. Kwa hiyo waamini wetu katika jumuiya ndogondogo wanauliza: je, ni kweli Waisraeli walihamia Amerika kabla ya Kristo? Baadhi ya mafrateri hulijibu swali hilo kwa kicheko. Sisi tunaona kicheko hakifai, ingawa jibu lenyewe ni hapana.

Kitabu hicho kilichapishwa mwaka 1830 huko Palmyra, jimbo la New York. Joseph Smith alisema amekitafsiri kutoka mabamba ya dhahabu aliyokabidhiwa na malaika Moroni. Kinasimulia habari za familia ya Lehi, iliyotoka Yerusalemu yapata mwaka 600 K.K., ikavuka bahari na kuzaa mataifa mawili, Wanefi na Walamani. Wana miji na mahekalu, ngano na farasi, magari ya kukokotwa na panga za chuma cha pua. Kristo Mfufuka anawatokea. Mwishowe, yapata mwaka 385 B.K., Wanefi wanaangamizwa penye mlima Kumora, na waliouawa upande wao peke yao wanapita 200,000.

Hayo ni mambo yanayoacha alama ardhini. Farasi wa kale wa Amerika walitoweka mwishoni mwa enzi ya barafu, wakarudi na meli za Wahispania. Magurudumu ya kale yaliyopatikana Mexico ni ya vinyago vidogo vya udongo, si ya magari. Chuma cha pua hakijaonekana. Maandishi ya Wamaya, ambayo zamani mtu angeweza kuyakisia apendavyo, leo yanasomwa: tunamjua kwa jina mfalme Pakal wa Palenque, aliyefariki mwaka 683, na kaburi lake. Hakuna Mnefi humo, wala neno la Kiebrania.

Wengine husema kwamba kutopatikana kwa kitu si ushahidi kuwa hakikuwapo. Ni kweli, lakini inategemea kitu chenyewe. Mwaka 1960 Helge Ingstad alifika L'Anse aux Meadows, kisiwani Newfoundland, Kanada. Yeye na mkewe Anne Stine wakafukua makazi ya mabaharia wa Skandinavia waliofika huko yapata mwaka 1000. Walikuwa watu wachache, na hawakukaa muda mrefu. Hata hivyo waliacha misingi ya nyumba, misumari ya mashua, pini ya shaba na kijiwe cha kusokotea uzi. Ikiwa kikundi hicho kidogo kiliacha yote hayo, taifa la miaka elfu moja lenye majeshi na wahunzi lisingepotea bila hata kipande cha panga.

Mtu ambaye mafrateri wanapaswa kumfahamu ni Thomas Stuart Ferguson, mwanasheria wa California na Mmormoni mwenye bidii. Mwaka 1952 alianzisha taasisi ya kuchimba Mexico na Amerika ya Kati, akiwa na hakika kwamba miji ya Wanefi ingepatikana. Uongozi wa dini yake ukatoa fedha. Wataalamu walioajiriwa, Wamormoni na wasio Wamormoni, wakachimba kwa uaminifu katika jimbo la Chiapas. Huko Chiapa de Corzo walipata jiwe lenye mojawapo ya tarehe za kale kabisa zilizoandikwa Amerika, ya mwaka 36 K.K. Kazi yao inaheshimiwa hadi leo. Alichokitafuta Ferguson hakikuonekana. Kisha mwaka 1967 yakajitokeza mafunjo ya Misri ambayo Smith alisema yana maandiko ya Abrahamu; wataalamu walipoyasoma wakakuta ni sala za maziko ya Wamisri. Mwaka 1975 Ferguson aliandika kwamba mimea, wanyama, madini na maandishi yanayotajwa katika kitabu havilingani na vya nchi yoyote ya Amerika aliyoijua. Aliendelea kwenda kusali na wenzake hadi alipofariki mwaka 1983. Hatuoni cha kuchekea hapo.

Haki inatudai tutaje pia wanachojitetea nacho. Huko Marib, Yemen, zimepatikana altare zenye jina la kabila la NHM, nao wanalilinganisha na Nahomu, mahali anapozikwa mmoja wa wasafiri wa Lehi. Ni hoja nzuri kuliko wapinzani wao wanavyokubali, ila inahusu Uarabuni, si Amerika. Huko Arizona ilipatikana shayiri ya kienyeji iliyolimwa kabla ya Wazungu, ngano bado. Nao wamekuwa wakipunguza dai lenyewe: utangulizi uliowaita Walamani wazazi wakuu wa Wahindi Wekundu ulirekebishwa mwaka 2006, baada ya uchunguzi wa vinasaba kuonyesha asili ya Asia, na sasa wanatajwa kuwa miongoni mwa wazazi hao tu.

Hapo Mmormoni makini atatuuliza: na Yeriko je? Anauliza vema. Kathleen Kenyon alichimba Yeriko kuanzia mwaka 1952, mwaka uleule wa Ferguson, asikute mji wenye kuta katika wakati ambao wengi humweka Yoshua. Kanisa halikutikisika, kwa kuwa Hati ya Ufunuo wa Kimungu, Dei Verbum ya mwaka 1965, inatufundisha kutazama aina ya uandishi kabla ya kudai chochote kutoka kwa mwandishi. Tena Yeriko lipo, Yerusalemu lipo, jiwe la Pilato lilipatikana Kaisaria mwaka 1961.

Wamormoni hawawezi kuazima njia hiyo kirahisi. Moroni ndiye Mnefi wa mwisho kuandika katika mabamba, na ndiye malaika aliyemletea Smith mabamba hayo. Wanefi wakiwa simulizi tu, aliyemtokea Smith ni nani? Nasi tusijidai kuwa salama kabisa: Mtume Paulo mwenyewe aliwaambia Wakorintho kwamba bila ufufuko imani yao ni bure. Tumekubali kupimwa na historia katika jambo hilo moja kuu.

Kwa parokia, swali la farasi ni la pili. Tarehe 5 Juni 2001 Roma ilijibu kwamba ubatizo wa Wamormoni si halali, kwa sababu wanapotaja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu hawamaanishi Utatu tunaoukiri. Anayetoka kwao kuja kwetu anaanza ukatekumeni kama asiyebatizwa, na paroko anayempokea kwa kiapo cha imani tu amemnyima sakramenti.