Kiharusi baada ya korona: Tutamsingizia jini mpaka lini?

Leo nina dukuduku. Mtu akianguka ghafla, mdomo umepinda na mkono hauinuki, mtaani tunasema karogwa au kapitiwa na jini. Mimi nasema kuna kitu tumekifumbia macho: korona ikimkuta mtu mwenye ugonjwa wa moyo, si lazima iishie kwenye mapafu.

Twende taratibu. Kiharusi kinakuja kwa njia mbili: mshipa wa damu kwenye ubongo unaziba, au unapasuka. Kirusi cha korona kinachokoza kuta za ndani za mishipa, na damu inaganda kirahisi. Sasa chukua mgonjwa ambaye moyo wake tayari unapiga bila mpangilio. Damu inatuama ndani ya moyo, inafanya bonge, na bonge likichomoka linaweza kwenda kuziba mshipa wa kichwani.

Wengi waliopata kiharusi wakiwa na korona walikuwa watu wazima wenye presha, kisukari au moyo. Lakini vijana tusijidanganye. Aprili 2020 madaktari wa Mount Sinai, New York, waliripoti wagonjwa 5 wa korona wenye kiharusi kikubwa ndani ya wiki 2, wote chini ya miaka 50. Kabla ya hapo, wa umri huo kwa wastani walikuwa hawafiki hata mmoja kwa muda kama huo.

Sasa turudi Bongo. Kufikia Mei 2020 hesabu rasmi ilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21, halafu kimya zaidi ya mwaka mzima. Chanjo za kwanza zilikuja Julai 2021, Rais Samia akachanjwa hadharani tarehe 28. Katikati hapo, mgonjwa wa presha aliyekohoa wiki nzima kisha akaanguka, aliandikwa wapi? Kama hakupimwa korona, yeye ni kiharusi tu. Na kisichohesabiwa hakitengewi bajeti.

Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema dharura imekwisha. Halikusema kirusi kimekufa. Kwa hiyo kama baba au shangazi yako ana tatizo la moyo, akipata homa na kikohozi asiache dawa zake, na mpeleke akapimwe.

Ukiona uso umepinda, mkono umelegea, ulimi mzito, kimbiza hospitali. Dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya masaa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kipimo cha CT scan. Ukianzia kwa mganga, muda huo umekwisha. Na hospitali ngapi za mikoani zina mashine hiyo na dawa hiyo? Hilo ndilo swali la kumuuliza mbunge wako, siyo nani kamroga nani.

Nawasilisha.